Dresa na Vitabu Visivyofika Mwisho

Kijijini kwetu kila mtu alikijua kitabu kwa kadiri ya kidonda chake. Aliyekuwa na jipu alijua mwanzo tu, msafara wa wapagazi bado haujaondoka na watu ndio kwanza wanafunga mizigo. Aliyejikata na jembe alifika mtoni. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekaa na donda la mguu tangu mavuno mpaka palizi ya mwaka uliofuata. Huyo alitembea na msafara karibu safari nzima, na watu walimheshimu kwa hilo kuliko kwa mvi zake.

Mwenye vitabu alikuwa Dresa. Manesi waliokuja baadaye walisema cheo hicho hakipo tena serikalini, lakini sisi hatukuwa na neno jingine. Mkewe alimwita Dresa. Yeye mwenyewe akibisha hodi kwa mtu alisema, "Ni Dresa." Kazi yake ilikuwa kusafisha na kufunga vidonda katika zahanati yetu, ukishapita Kinyangiri na kuiacha barabara kubwa. Utoto wangu wote niliishi jirani naye na sikuwahi kusikia mtu akiuliza alitoka wapi.

Vitabu vilikuwa vya maktaba ya kijiji, ya zamani zile za elimu ya watu wazima. Paa la maktaba lilipobomoka, watu walianza kuchukua kurasa za kusokotea tumbaku. Dresa alikwenda na toroli akakusanya vilivyobaki, akaviweka katika masanduku mawili chini ya meza ya dawa. Havikutoka hapo tena. Ukiomba kuazima alikutazama kama umeomba mkasi wake. "Kitabu kikitoka hapa kinakwenda kuvutwa," alisema, na hapo alisema kweli.

Alisoma wakati anafunga vidonda. Nataka nieleze vizuri alivyofanya, maana sijaona mtu mwingine akifanya hivyo. Alichemsha mkasi na koleo katika sufuria, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akakuweka kwenye benchi. Kitabu alikisimamisha mezani kikiegemea chupa ya spiriti. Kisha alianza kubandua bandeji ya zamani huku anasoma, macho mara kwenye kidonda mara kwenye ukurasa, na ukurasa ukiisha aliugeuza kwa koleo la pili ambalo halikuwa na kazi nyingine, ili asichafue mikono. Miwani yake aliifunga kichwani kwa kipande cha bandeji. Pale palipouma zaidi, pamba inaponasa kwenye nyama, sauti yake ilipanda, na mtu katika kitabu alikuwa ama anapigwa ama anatoroka. Wewe ulilia, lakini ulilia nusu kwa mguu wako na nusu kwa yule mtu.

Halafu alinyamaza mahali pabaya kabisa. Mtu yuko katikati ya mto na maji yamemfika kifuani, Dresa anakata plasta. "Kesho kutwa," alisema. Na kesho kutwa ulirudi. Watu wa vijiji vingine walifungwa vidonda mara moja, wakaenda kupaka mavi ya ng'ombe, wakaoza. Wetu walirudi mpaka mwisho. Nesi aliyeletwa kutoka mjini alishangaa, akadhani sisi ni watu wenye nidhamu.

Kidonda kikifunga, alikitazama, akakibonyeza kwa kidole gumba na kusema, "Kimepona. Hadithi imeisha." Hata kama mtu bado yuko mtoni.

Ndiyo maana hakuna aliyejua mwisho wa kitabu chochote, na ugomvi haukwisha. Siku moja umeme ulikatika kwenye mashine ya kusaga, wanawake wakakaa juu ya madebe yao kusubiri. Mama mmoja muuza vitumbua akasema yule mwanamke mpagazi wa kwenye kitabu cha msafara alizaa mtoto wa kiume njiani.

"Wa kike," mwenzake akajibu.

"Wa kiume. Nimesikia kwa masikio yangu haya."

"Wewe ulikuwa na nini vile? Hebu tukumbushe."

"Jipu la kwapa."

"Jipu la kwapa! Siku ngapi, nne? Mwanamke wa watu hata mimba hajashika, wewe umeshapona! Mimi niliungua mkono huu mpaka kwenye kiwiko. Mtoto alikuwa wa kike, na siku anayozaliwa nilikuwepo."

Walicheka mpaka mwenye mashine akatoka nje kuangalia kuna nini. Muuza vitumbua akasema basi, Mungu akimjalia kidonda cha maana ataleta jibu.

Vitabu vya wafalme Dresa hakusoma. Katika masanduku vilikuwemo viwili vitatu, vya mashujaa na watawala, na alivitumia kuinulia mguu wa meza. "Mfalme ana watu wa kumsemea," alisema. Alisoma vya wapagazi waliobeba pembe za ndovu kupita nchi yetu hii kavu. Alisoma cha mtumwa aliyekombolewa akakosa pa kwenda, na cha mwanamke mwenye ukoma aliyejengewa kibanda nje ya kijiji na mume wake mwenyewe. Kulikuwa na cha manamba wa mkonge waliozikwa bila kuandikwa majina, na cha yaya aliyelea watoto wa watu mpaka akasahau sura za wa kwake. Alikuwa na neno lake kwa watu hao wote. Aliwaita "wa pembeni." Akifungua kitabu kipya alisema, "Leo tuwatazame wa pembeni." Sisi tuliokaa kwenye benchi tulidhani anasema habari za watu wa mbali.

Na alilia. Mwanamke mpagazi alipojifungua kando ya njia, na mnyapara akamwambia afunge mtoto mgongoni na mzigo urudi kichwani, Dresa aliweka koleo chini, akavua miwani, akajifuta machozi kwa mkono wa koti lake jeupe. Alikuwa amesoma ukurasa ule mara nyingi kuliko idadi ya vidonda nilivyoviona. Bado alilia.

Lakini nilimwona pia siku mfugaji mmoja wa Kibarabaig alipoletwa na nduguye, amechomwa pembe pajani. Dresa alisimama mlangoni akashika pua. "Kaeni nje kwanza, mnanuka ng'ombe. Nikimaliza na hawa nitawaita." Walikaa juani tangu asubuhi hadi jua la utosi. Wakati huo ndani alikuwa anatusomea namna watumwa walivyokataliwa maji ya kisima. Sikuona ubaya wowote. Nilikuwa na miaka kumi na nilitaka kujua kama watayapata maji.

Tena siku ya tatu yule mfugaji hakurudi, na Dresa alifunga zahanati, akabeba mkoba wa bandeji, akatembea porini kutwa nzima mpaka alipoipata kambi yao. Alirudi na magamba ya vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikisema jambo moja bila kusema la pili nitakuwa nasema uongo.

Mimi niliungua kwa uji. Sufuria ilipinduka kwenye mafiga na mguu wangu wa kushoto ukachunika kutoka gotini mpaka kwenye kifundo. Nililelewa na Bibi, mama yake mama, kwa sababu Mama alikuwa ameolewa upya Shelui na huko hakukuwa na nafasi yangu. Bibi alinibeba mgongoni kwenda zahanati kila kesho kutwa, mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Mimi ni mtu wa aibu. Shuleni nilikuwa najua jibu na mkono hauinuki. Lakini pale kwenye benchi sikuhitaji kusema neno. Nilifuata macho ya Dresa kwenye mistari, na nadhani nilijifunza kusoma pale kuliko darasani. Nilijua hata mwandiko wake wa kwenye pakiti za dawa na madaftari ya wagonjwa, ule wenye mikia mirefu ambao watu wazima waliosoma walishindwa kuusoma.

Kwa kidonda kile nilifika mbali. Nilifika mahali bunda la kitambaa linapopotea. Mwanamke mpagazi anasingiziwa, na adhabu ya wizi ni kuachwa nyikani na mtoto wake bila maji. Hakuiba. Mnyapara mwenyewe aliliuza bunda kwa watu wa njiani, na mpishi wa msafara alimwona. Mpishi huyu alikuwa amekula chungu kimoja na yule mwanamke miezi yote ya safari, na ndiye aliyempa uji alipojifungua. Mkuu wa msafara anawakusanya watu wote, anauliza, "Nani aliona?" Watu wanatazama chini. Macho ya yule mwanamke yanamtafuta mpishi.

Dresa akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba.

"Kimepona. Hadithi imeisha."

"Dresa," nikasema, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwangu, "mpishi anasema au hasemi?"

"Nenda shule."

Wiki ile nilichukua mwiba nikakwaruza kovu mpaka likatoa damu, nikarudi zahanati nachechemea. Aliutazama mguu, akanitazama usoni. "Hiki umekitengeneza mwenyewe," alisema. "Mimi sisomei vidonda vya uongo." Alikisafisha bila kutoa sauti. Niliona aibu hata njia ya kurudi nyumbani sikuiona.

Bibi alisema nisihangaike. Yeye alikuwa na jibu. Kwa kuwa alinipeleka kila mara alikuwa amesikia yote, tena alikwenda zahanati kwa haja zake pia, maana macho yake yalikuwa yanauma miaka mingi. Kuni kwetu hakuna, tunapikia mabua ya alizeti na mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake unaujua mwenyewe ukiwa jikoni. Kope zake ziligeukia ndani zikawa zinakwaruza mboni. Macho yalikuwa mekundu kama nyanya. Dresa alimpa tyubu ndogo ya dawa, akaandika katika daftari lake la matibabu: vikope, macho yote mawili. Alimwambia, "Mama, haya si macho mabaya. Ni moshi na nzi." Bibi alilipenda neno hilo, akalirudia kwa majirani.

Kuhusu mpishi alisema, "Atasema."

"Unajuaje, Bibi?"

"Amekula naye. Mtu aliyempa uji mzazi hawezi kunyamaza. Atasema, na mnyapara atakiona cha moto."

Alikuwa anapepeta mtama. Hakuwa na shaka hata chembe.

Miaka mitano baadaye nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa. Mwaka huo mtoto wa jirani yetu alikufa kwa homa, na kabla ya arobaini yake nduguye naye akaanza kupata degedege. Watu wakaanza kulisema jambo kwa mafumbo, halafu bila mafumbo. Wakuu wa sungusungu wakaitisha kura ya siri. Kila mtu mzima aandike jina la mchawi anayemjua, karatasi ikunjwe, itiwe kwenye ndoo. Serikali inakataza jambo hili. Lakini serikali siku hiyo haikuwepo.

Wengi hawakujua kuandika. Ikawekwa meza kando, chini ya ukingo wa paa la godauni, na Dresa akaombwa akae pale awaandikie. Wakati huo alikuwa amestaafu na ana shamba la vitunguu. Alikuja na kalamu yake na miwani imefungwa kwa bandeji vile vile. Watu wakapanga foleni kama ile ya zahanati. Mtu aliinama, akamnong'oneza sikioni, Dresa akaandika, akakunja, akampa. Anayefuata. Mimi nilisimama ukutani na watoto wengine na nilimwona anavyoandika. Hakuuliza neno. Hakusita. Ungesema anaandika vidonge, viwili asubuhi viwili jioni.

Karatasi zilipofunguliwa, jina la Bibi lilisomwa, likasomwa tena, likasomwa mpaka msomaji akaanza kulitaja kwa kifupi.

Wakamsimamisha katikati. Kamanda wa sungusungu alikuwa kijana aliyecheza na mama yangu utotoni, na alimwamkia kwanza. "Shikamoo Mama." Bibi akaitikia marahaba. Kisha akamuuliza, "Mama, wenzako wamekutaja. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa kazi gani usiku?"

Watu wengine walicheka.

Bibi hakuonekana kuogopa. Alifungua khanga kiunoni akatoa daftari lake la matibabu, lililokunjika na kunuka moshi. "Imeandikwa humu," akasema. "Soma."

Kamanda akaligeuza huku na huku. "Hii ni mikwaruzo ya kidaktari. Nani anaweza kusoma hii?"

"Aliyeandika yuko pale," akasema Bibi, na akanyoosha mkono kwenye meza. "Dresa, waambie macho yangu yana nini."

Mkutano wote uligeuka. Nilijua ukurasa huu. Nilikuwa nimeusubiri miaka mitano. Nakiri kwamba kwa kitambo kidogo nilikuwa na furaha, kwa sababu nilijua sasa nitapata jibu, na Bibi alikuwa ameniambia jibu lenyewe.

Dresa alivua miwani. Akaifuta kwa shati, kioo kimoja, kisha cha pili. Akaivaa.

"Mimi nimestaafu," alisema.

Kamanda alingoja kidogo, akamrudishia Bibi daftari kwa mikono miwili, kwa heshima. Wakampa siku tatu awe amehama.

Watu walipotawanyika upepo ulitawanya na karatasi. Niliokota nne zilizokuja miguuni mwangu. Zote nne zilikuwa na jina la Bibi, na zote nne zilikuwa na mikia mirefu.

Vijana waliezua nyumba siku ya pili, kumsaidia asichelewe. Alikwenda kwa mtoto wa kaka yake, mbali, ambako walimpokea na kumlaza karibu na kuku. Hakuwa na wa kumtilia dawa ya macho. Mimi nilipelekwa Shelui kwa Mama hata hivyo, nikapewa kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa wa madereva wa malori. Mvua za mwaka ule zilipokuja Bibi alikuwa hayupo tena duniani. Habari ililetwa na dereva, akaitoa huku anasubiri maharage. Yule mtoto mwenye degedege alipelekwa hospitali, akapona. Anasoma sekondari sasa.

Miaka yote ya Shelui nilimtengenezea Dresa hotuba. Ninasugua masufuria na ninamwambia. Nilimwambia mambo makali, kwa ufasaha, mimi ambaye nikitumwa dukani napanga maneno njiani. Kuna siku nilimwonea huruma na kuna siku nilimwombea kidonda. Namna nilivyokiomba ndivyo kilivyokuja, jambo ambalo silifurahii tena. Muuza vitumbua wa kijijini alipita Shelui akaniambia Dresa ana sukari, mguu umetoboka na haufungi, macho yanafifia, na binti yake amemchukua wanaishi Mwankoko, nje kidogo ya mji wa Singida. Akaongeza, "Masanduku yake amekwenda nayo."

Nilikwenda mwezi huo huo. Nilipanda basi la asubuhi. Mtu wa kwetu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, hata mayai mawili atatafuta. Mimi nilikwenda mikono mitupu, na nilifanya kusudi.

Binti yake ni mwanamke mchangamfu, ana bustani ya mchicha na sauti kubwa. Alinikaribisha bila kuuliza mimi nani. "Ingia, ingia, mgeni wa mzee ni wangu. Anapenda watu, siku hizi hawaji." Dresa alikuwa kwenye kitanda cha kamba sebuleni, mguu juu ya kigoda. Alikuwa amebaki mifupa na miwani.

Hotuba yangu haikuanza, kwa sababu ilibidi kwanza niseme shikamoo. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilisimama mlangoni mpaka binti yake akanitazama. Nikasema.

"Marahaba. Nani?"

Nikataja jina. Hakulijua. Nikasema, "Mguu wa uji."

Uso wake ulifunguka. "Wa kushoto! Miezi mitano. Ulipona vizuri, bila kukunja goti. Tulifika kwa mpishi."

"Tulifika kwa mpishi," nikasema.

Binti akasema kama nimekuja wakati wa kufunga kidonda basi nikae, yeye anakwenda kuchemsha maji. Alibandua bandeji ya zamani akaenda uani. Nilikiona. Kilikuwa kwenye kisigino, chenye upana wa kifuniko cha chupa ya dawa, na kina chake sikutaka kukipima. Dresa hakuguna hata kidogo. Alisema hakiumi, na hilo ndilo baya lake.

"Sanduku liko chini ya kitanda," alisema. "Kitabu chetu kiko juu. Mimi sioni tena herufi. Soma."

Jalada lilikuwa limeungwa kwa plasta ya zahanati. Sikuhitaji kutafuta mahali. Kitabu kilifunguka chenyewe, na kurasa zile mbili zilikuwa nyeusi kwa vidole kuliko nyingine zote. Huyu mtu alikuwa amerudi hapo peke yake, mara nyingi, bila koleo.

Mimi husoma polepole. Nilisoma mkuu wa msafara anavyouliza, na watu wanavyotazama chini, na macho ya mwanamke yanavyomtafuta mpishi. Nikageuza ukurasa. Mpishi alichukua mwiko wake, akaufuta kwa majani, akautazama. Kisha akasema kwamba yeye kazi yake ni chungu. Wakamwacha yule mwanamke chini ya kichaka pamoja na mtoto, na msafara ukaondoka. Jioni, kambi iliyofuata, mpishi alipika wali, na watu walisema hajawahi kupika vizuri namna ile. Hapo ndipo kitabu kilipoishia. Chini yake palikuwa peupe.

"Soma tena hapo kwa mpishi," alisema Dresa.

Nikasoma tena.

"Sasa soma kwamba amesema."

"Haikuandikwa hivyo, Dresa."

"Najua haikuandikwa. Wewe soma tu. Mimi sioni."

Nilikitazama kitabu. Ningeweza. Ni sentensi moja, na hakuna aliyekuwa ananisimamia. Nikasoma kama ilivyo, mara ya tatu, kwamba kazi yake ni chungu.

Uani maji yalikuwa yanaanza kuvuma. Kisha Dresa akasema, kwa sauti ile ya zamani ya kusomea, iliyopanda palipouma, "Yalikuwa vikope. Macho yote mawili. Niliandika mwenyewe. Moshi na nzi, hapakuwa na kitu kingine."

"Dresa," nikamwambia, "hapa hakuna mkutano."

Hilo ndilo pekee lililotoka katika hotuba yangu yote ya miaka ile.

"Ningesema, foleni ile ile ingerudi kuandika jina langu," alisema. "Na nani angewaandikia?" Alitaka kucheka, ikawa kikohozi. Kilipotulia aligeuza uso kuelekea niliko, si sawasawa, kidogo kulia kwangu. "Na wewe ulikuwepo. Ulisimama ukutani. Nilikuona. Mwandiko wangu ulikuwa unaujua tangu una miaka kumi, mimi ndiye niliyekufundisha. Daftari lilikuwa wazi. Ulikuwa na miaka mingapi, kumi na mitano? Ulikuwa unasubiri nini?"

Nilikuwa nasubiri yeye aseme. Jibu hilo nilikuwa nalo, na lilikuwa kweli, na sikulitoa. Nililigeuza mdomoni nikaona ladha yake. Wote pale walikuwa wanamsubiri mtu. Na mimi mkono haukuinuka.

Binti yake aliingia na maji, akapiga magoti, akaanza kusafisha kisigino huku anatueleza habari za mchicha na wadudu. Alifunga vizuri. Fundo aliliweka nje, mbali na kidonda, kama baba yake alivyofunga daima. Mimi nilikirudisha kitabu sandukuni na kusukuma sanduku chini ya kitanda kwa mguu.

"Umekisikia kitabu chako, Baba?" alisema binti. "Huyu ndiye anayefaa. Mimi nikisoma ananiambia nakimbia."

"Kidonda kinafunguliwa tena kesho kutwa," Dresa akaniambia. "Kuna kile cha yaya. Kile hukukisikia hata mwanzo. Utakuja?"

Nilikuwa nimeshasimama, natafuta viatu vyangu mlangoni.

"Mimi nimestaafu," nikasema.

Binti yake aliangua kicheko, mikono bado ina maji. "Kastaafu! Katoto hivi, kastaafu kazi gani?" Akamgeukia baba yake wacheke pamoja.

Dresa hakucheka. Wala mimi.